Hewa ya Darasani Ichunguzwe na Wanafunzi Wenyewe

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa halmashauri)



Mwanafunzi wa kutwa hukaa ndani ya majengo ya shule saa sita au saba kwa siku, na mwenzake wa bweni hulala humo humo. Muda wote huo anavuta pumzi, na jumla ya pumzi zake kwa siku moja hupita 20,000. Maji ya kisima cha shule yakichafuka, Bwana Afya huitwa. Unga ukivunda, stoo hufungwa. Lakini hewa ya chumba kilichojaa watoto 80, au moshi wa jiko linalopika uji wa watoto 600, ni nadra kuitiwa mtu. Watu wameizoea, na jambo lililozoeleka huacha kuonekana kuwa ni jambo.

Pendekezo la mazungumzo haya ni dogo. Hewa ya ndani ya shule ichunguzwe na wanafunzi wenyewe wakiongozwa na mwalimu wao wa sayansi, na matokeo wanayoyapata yasomwe mbele ya kamati au bodi ya shule kama inavyosomwa taarifa ya fedha. Nusu ya kwanza ya pendekezo hili haina mpinzani. Nusu ya pili inahitaji ujasiri, nayo ndiyo yenye maana.

Fikra ya kuipima hewa ya chumba si ngeni. Mwaka 1858, katika mji wa München huko Ujerumani, mwanakemia Max von Pettenkofer alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya hewa ya nyumba wanamokaa watu. Aliona kwamba uchafu utokao katika miili na pumzi za watu ni wa namna nyingi, na ni kazi ngumu kuupima mmoja mmoja. Lakini hewa ya ukaa, ambayo vitabu vya sayansi huiita kabonidayoksaidi, hutolewa na kila mtu kila anapopumua, na hupimika kwa urahisi. Basi akaifanya kuwa shahidi. Alisema kuwa chumba ambacho hewa ya ukaa imepita sehemu 1 kwa kila sehemu 1,000 ni chumba kisichobadilishwa hewa ya kutosha, na kiwango hicho hutajwa na wahandisi wa majengo mpaka leo.

Hapa hapana budi pawe na maelezo, maana watu wengi hupotoka. Kwa kiasi hicho, hewa ya ukaa yenyewe si sumu. Inachoeleza ni kwamba kila aliyemo chumbani anavuta sehemu ya pumzi iliyokwisha tumiwa na jirani yake, pamoja na chochote kilichokuwamo katika pumzi hiyo. Kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitangaza kijidudu chake mwaka 1882, husafiri kwa njia hiyo. Surua husafiri hivyo hivyo, na mafua, na UVIKO-19, ugonjwa uliofanya shule za Tanzania zifungwe Machi 2020. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mkopo uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa kukabiliana na ugonjwa huo, yalikusudiwa pamoja na mambo mengine kupunguza msongamano. Ni haki basi kuuliza kama madirisha ya madarasa hayo, pamoja na ya yale yaliyotangulia, hufunguliwa.

Hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni na mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Lichukuliwe mathalan darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 144. Kijana aliyekaa akisoma hutoa karibu lita 15 za hewa ya ukaa kwa saa, kwa hiyo vijana 45 hutoa lita 675. Hewa ya nje siku hizi ina sehemu 420 hivi za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni. Ikiwa milango na madirisha yote yamefungwa na hakuna upenyo wowote, zitapita dakika ngapi kabla ya kufikia sehemu 1,000 katika milioni, yaani kiwango cha Pettenkofer? Jibu ni dakika saba na nusu hivi. Wakiwa 90 katika chumba kile kile, hazifiki dakika nne. Kipindi kimoja ni dakika 40.

Kwa kweli hakuna darasa lisilo na upenyo kabisa, na mwanafunzi mwerevu atasema hivyo mara moja. Naye apewe swali la pili, ambalo ni zuri zaidi: ili vijana wale 45 wakae mchana kutwa bila kupita kiwango hicho, hewa yote ya chumba ibadilishwe mara ngapi kwa saa? Atapata mara 8 hivi. Kazi hiyo haihitaji mashine. Madirisha ya pande mbili yakifunguliwa na upepo mdogo ukapita, mabadiliko ya namna hiyo hupatikana bila kutumia senti. Madirisha ya upande mmoja tu hayafanyi kazi hiyo vizuri. Kuanzia hapo mwanafunzi huliangalia jengo lake kwa jicho jingine. Atayaona yale matofali ya matundu chini ya paa, ambayo fundi aliyaweka kwa makusudi, na ambayo baadaye mtu mwingine aliyaziba kwa magazeti ili kuzuia popo.

Nchini Uingereza, Serikali ilitangaza mwaka 2021 kwamba itagawa vipimo vya hewa ya ukaa vipatavyo 300,000 katika shule. Baadaye ukaanza mradi uitwao SAMHE, ambamo shule zilipewa vipimo na wanafunzi wakafuatilia wenyewe namba za madarasa yao, huku watafiti wa vyuo vikuu wakizikusanya. Watoto huko wameona namba ikipanda baada ya mlango kufungwa na kushuka baada ya dirisha kufunguliwa. Hiyo ni nchi tajiri, na ni nchi ya baridi ambako madirisha hufungwa miezi mingi. Lakini asije mtu akadhani kwamba Makete, Njombe, Mbulu au Lushoto hakuna madirisha yanayofungwa mwezi wa Julai. Na kule Dodoma na Shinyanga hufungwa kwa sababu ya vumbi, na katika mabweni ya pwani hufungwa usiku kwa kuogopa mbu na wezi. Sababu hutofautiana, pumzi ni zile zile.

Shule isiyo na kipimo cha umeme ina chokaa. Chokaa ya kupakia kuta, iliyokwisha zimwa, hutiwa katika chupa ya maji safi, ikatikiswa, ikafungwa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi maji maangavu ya juu hutolewa kwa uangalifu. Hayo ndiyo maji ya chokaa, ambayo hugeuka rangi ya maziwa yakipitiwa na hewa ya ukaa. Kila mwalimu wa sayansi huonyesha jambo hili kwa kumwambia mtoto apulize ndani yake kwa mrija, kisha somo likaishia hapo. Lisiishie hapo. Mililita 5 za maji hayo zitiwe katika chupa ndogo iliyowekwa juu ya karatasi yenye alama ya msalaba mweusi. Hewa ya darasani ivutwe kwa bomba la sindano, isukumwe polepole ndani ya maji kwa mpira mwembamba, na ihesabiwe ni mabomba mangapi yanatosha kuufanya msalaba usionekane. Kazi hiyo ifanywe uwanjani, kisha darasani kabla ya kengele, kisha mwishoni mwa kipindi cha tatu. Uwanjani mabomba yatakuwa mengi. Darasani yatapungua, na kadiri yanavyopungua ndivyo hewa ilivyo nzito.

Kuna tahadhari zake, nazo ni sehemu ya elimu. Anayepima asishike bomba karibu na kinywa chake, la sivyo atapima pumzi yake mwenyewe. Anayetazama msalaba awe ni mtu yule yule siku zote, maana macho hutofautiana. Maji ya chokaa yasiguse macho. Na kipimo kimoja si kipimo, kwa hiyo kirudiwe mara tatu na namba zote ziandikwe, hata ile isiyopendeza. Mwanafunzi aliyezoea kufuta namba isiyolingana na kitabu amejifunza kasumba, wala hajajifunza sayansi.

Vumbi na masizi hupimwa kwa urahisi zaidi. Vipande vya karatasi nyeupe hupakwa mafuta ya mgando, vikabandikwa maktaba, darasani karibu na ubao, bwenini, jikoni na chini ya mwembe, vyote kwa kimo kimoja. Baada ya siku mbili huangaliwa kwa lenzi na kuhesabiwa chembe katika mraba mdogo uliochorwa. Karatasi ya karibu na ubao itaonyesha chaki, na mwalimu atakumbushwa kwamba kifutio hupaswa kuwa na unyevu. Karatasi ya jikoni haitahitaji lenzi.

Katika uchunguzi kama huu sehemu inayosahauliwa ndiyo yenye uzito mkubwa, nayo ni daftari la mahudhurio. Shule yoyote ile ina rekodi ya watoto waliokosa masomo, na nyingi zina daftari la wagonjwa waliopelekwa zahanati. Hiyo ni hazina iliyolala kabatini. Wanafunzi wakiisoma kwa utulivu, bila kutaja jina la mtu, wanaweza kuona ni darasa lipi lina wenye kukohoa wengi, ni mwezi upi, na ni safu ipi ya madawati. Hapo mwalimu awe macho. Watoto wataona kwamba darasa lenye hewa nzito lina wagonjwa wengi, nao watataka kutangaza kwamba chanzo kimepatikana. Lakini pengine darasa hilo ni la watoto wadogo, nao huugua zaidi. Pengine mwezi ule ulikuwa wa masika, na kilichowalaza ni malaria. Pengine wengi hawakuugua bali walikuwa shambani kwa wazazi wao. Njia ya kupambanua ni kubadilisha jambo moja na kuacha mengine yalivyo: madirisha ya chumba kimoja yafunguliwe kwa majuma manne, na ya chumba cha jirani chenye umri na idadi ile ile yaendeshwe kama kawaida, kisha zamu igeuzwe. Hata hivyo matokeo ya vyumba viwili ni dalili tu. Kijana anayeweza kusema mbele ya watu kuwa dalili ipo na uthibitisho bado amepata kitu ambacho mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kumpa.

Yapo mambo ambayo watoto wasipewe kuyagusa. Baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa vigae vya asbesto. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi, kwa hiyo mwanafunzi asikwangue, asivunje wala asipande juu yake. Aandike tu kwamba paa limepasuka mahali fulani, na mtaalamu aitwe. Kinyesi cha popo kilichojaa darini nacho si cha kufagiliwa na watoto kikiwa kikavu. Na jiko la mkaa lililoingizwa bwenini usiku wa baridi halihitaji uchunguzi wowote, ni la kuondolewa usiku ule ule. Hewa ya kabonimonoksaidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kuamka kuieleza.

Sasa jiko la shule. Kwa watu wengi jiko si sehemu ya shule. Ni kibanda kilichoko nyuma, chenye masufuria makubwa juu ya mafiga, ambacho mkaguzi hupita pembeni akifunika pua. Ndani yake mna wapishi, na mara nyingi ni akina mama, wanaofika kabla ya mapambazuko na kuondoka baada ya chakula cha mchana kuoshewa vyombo. Wanafunzi huingia kwa zamu kusaidia, na katika shule nyingi mtoto huja asubuhi na kuni mkononi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kwamba kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Linasema pia kuwa katika nyumba isiyopitisha hewa, moshi huweza kufikisha chembe ndogo kabisa, zile zinazozama mapafuni, kwa kiasi cha mara 100 ya kinachokubalika. Hesabu hizo ni za majumbani, lakini mapafu ya mpishi wa shule hayajui kama sufuria ni la familia au la watoto 600.

Basi uchunguzi wa wanafunzi uanzie hapo, na uanze kwa kumwuliza mpishi. Aulizwe amefanya kazi hiyo miaka mingapi, macho yake yanawasha saa ngapi, kikohozi chake kilianza lini, ni kuni gani zina moshi mwingi na kwa nini. Atawaeleza kwamba kuni mbichi ndizo adui, na kwamba mvua ikinyesha hakuna nyingine. Wanafunzi wapime kuni kwa mizani kabla ya kupika na baada, kwa majuma mawili, wapate kilo kwa kila mlo. Wakihesabu pia fedha, au saa za masomo zinazotumika kuziokota, watakuwa wamepata namba ambayo ofisi ya elimu ya wilaya haiwezi kuipata kwa kukaa mezani.

Namba hiyo ina kazi yake. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Kabla ya hapo Serikali ilikwisha elekeza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na tarehe ya mwisho ya kwanza ilikuwa Januari 2024. Shule za bweni ni miongoni mwa taasisi zilizolengwa. Maelekezo ni mema. Lakini maelekezo hupita katika ofisi nyingi kabla ya kufika jikoni, na kila ofisi hujaza fomu. Mkuu wa shule huandika kwamba utekelezaji unaendelea, afisa hukusanya maneno hayo, na mwisho wake Wizara hupata taarifa iliyonyooka kuhusu jiko ambalo bado linafuka moshi. Huo ndio urasimu, na dawa yake ni ushahidi unaotoka chini. Daftari la wanafunzi lenye kilo za kuni, tarehe na karatasi zenye masizi haliwezi kupuuzwa kwa urahisi na mtu anayepanga bajeti ya halmashauri. Humwonyesha pia ni shule ipi ianze kupewa gesi, ni ipi inafaa jiko banifu lenye bomba la moshi kwa muda, na ni ipi inahitaji kwanza ukuta wa jiko utobolewe upande wa juu.

Itasemwa kwamba watoto wakipewa kazi hii watamkosoa mwalimu mkuu. Hofu hiyo haina budi kujibiwa, maana ipo, ingawa haisemwi mikutanoni. Ni kweli kwamba mwalimu mkuu hakuagiza darasa la watoto 90, wala hakunyimwa gesi kwa kupenda kwake. Akiliona daftari kama mashtaka, atalifunga kabatini, na watoto watajifunza somo baya kuliko yote, kwamba ukweli uchunguzwe tu pale usipomgusa mkubwa. Akiliona kama hoja yake mwenyewe, atalichukua mpaka wilayani, nalo litamsaidia kuomba kile ambacho ameomba kwa barua miaka mingi. Afisa elimu anayelipokea naye ana wajibu. Asimwulize mwalimu kwa nini aliruhusu watoto kupima. Amwulize namba zilikuwa ngapi, na jibu lake alitoe kwa maandishi ili lisomwe kwa wanafunzi walewale.

Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai kwamba shule iwe ni sehemu ya maisha ya jamii na kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Kwa miaka mingi jambo hili lilieleweka kuwa ni shamba la shule na jembe. Shamba ni jema, lakini kujitegemea kwa fikra hakujawahi kupatiwa nafasi kubwa kama ya jembe. Siku hizi lipo shirika la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011, ambalo huwakusanya wanafunzi wa sekondari kuonyesha uchunguzi wao. Ni jambo la kusifiwa. Lakini kazi nzuri iliyoshinda maonyesho ikarudi shuleni na kuning'inizwa ukutani, huku jiko likifuka moshi hatua 30 kutoka hapo, bado haijamaliza safari yake.

Shule inayotaka kuanza haihitaji kungoja waraka. Inahitaji mwalimu mmoja, wanafunzi kumi au kumi na wawili wakiwamo wasichana kwa wavulana, daftari moja lenye jalada gumu, na idhini ya mkuu wa shule iliyoandikwa, ikisema wazi kuwa matokeo yatasomwa mbele ya bodi katika kikao kijacho. Idhini hiyo itolewe kabla ya kipimo cha kwanza, wala si baada ya matokeo kujulikana. Kwa nyanda za juu wakati mzuri ni Julai, shule zinapofunguliwa, maana baridi huwa imeshika na madirisha yamefungwa. Kwa shule za kanda ya kati unafaa mwezi wa Septemba, upepo wa vumbi unapovuma. Chokaa iloweshwe Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, kipimo cha nje kichukuliwe uwanjani na kuandikwa, ndipo watoto waingie darasani.